Chombo Kipya Kilale Wapi? Kulinganisha Gati, Boya na Nchi Kavu Mombasa

Shemeji yangu amenunua boti ya faiba ya futi 26 yenye mashine mbili za kufunga nyuma, na juma lililofuata alinijia na swali ambalo lilipaswa kutangulia malipo: "Shemeji, hii boti sasa nitailaza wapi?" Sikumlaumu, kwa sababu miaka minne iliyopita nami nilifanya vivyo hivyo. Nilikagua ngama, yaani sehemu ya chini kabisa ndani ya chombo ambako maji hukusanyika, nikasikiliza mashine, nikaigonga faiba kila pahali kutafuta sehemu zilizoachana, lakini sikuuliza hata mara moja chombo kitalala wapi usiku nisipokuwepo. Maelezo haya nimeyaandika kwa ajili yake, na kwa ajili ya kila mkazi wa Mombasa ambaye ana chombo kipya na hana mahali pa kukifunga.

Ninalinganisha mahali panne, ndani ya Mombasa na kaskazini yake, pamoja na njia ya kukiweka chombo nchi kavu. Kipimo changu kikuu si bei, ingawa bei nitaigusa. Kipimo changu ni nani atakayekiona chombo siku ambayo mwenyewe hayupo, na ataweza kukifikia kwa haraka gani upepo na maji vikibadilika. Mahali ambapo jibu la swali hilo halieleweki pana hasara hata pakiwa pa bure.

Maji na upepo kwanza

Huwezi kulinganisha mahali pa kufunga chombo Mombasa bila kuzungumzia kujaa na kupwa kwa maji. Bahari yetu hujaa na kupwa mara mbili kwa siku, na wakati wa bamvua kubwa, yaani siku za mwezi mpevu na mwezi mwandamo, tofauti kati ya maji makuu na maji kupwa hukaribia mita 4, ilhali wakati wa maji mafu tofauti hiyo hushuka hadi karibu mita moja. Mtu aliyezoea mashua za Ziwa Victoria, au aliyeona marina za Bahari ya Mediterania ambako maji hupanda na kushuka kwa kiasi kidogo mno, anaweza kutembelea hori, yaani mkono wa bahari unaoingia nchi kavu, wakati wa maji mafu, akaona kina cha kutosha chini ya mkuku (uti wa chini wa chombo), akalipa kodi ya miezi sita, kisha baada ya mwezi mpevu akakuta chombo kimepwelewa na kulala ubavu juu ya tope. Boti ya faiba yenye tumbo bapa inaweza kustahimili hali hiyo ikiwa chini hapana mawe. Jahazi la starehe lenye mkuku mrefu haliwezi kustahimili, na usukani wake ndio huvunjika kwanza.

Tofauti hiyo ya mita 4 ndiyo inayotenganisha gati linaloelea na gati la kusimama. Gati linaloelea hupanda na kushuka pamoja na chombo, kwa hiyo kamba ulizozifunga asubuhi hubaki na urefu uleule hata jioni. Kwenye gati la kusimama, kamba zilizokazwa maji yakiwa yamejaa zitakining'iniza chombo maji yakipwa, na zilizolegezwa vya kutosha kwa maji kupwa zitakiachia kigongane na nguzo maji yakijaa. Gati la kusimama linafaa kwa kupakia na kuteremsha watu, lakini kulaza chombo hapo bila baharia wa kukiangalia usiku kucha ni kukitelekeza.

Upepo nao una mwaka wake. Kuanzia Aprili hadi Septemba huvuma kusi kutoka kusini mashariki, na nguvu yake kubwa huonekana Juni na Julai. Kuanzia mwishoni mwa mwaka hadi Machi huvuma kaskazi, na bahari huwa na utulivu zaidi. Watu wengi hununua vyombo msimu wa kaskazi, kwa sababu ndio msimu wa uvuvi wa michezo na wa wageni, na hukagua mahali pa kufungia katika msimu huohuo. Kila hori huonekana salama mwezi wa Februari. Ukitaka kujua sifa ya mahali, waulize mabaharia wa hapo hapo jinsi mwezi wa Julai ulivyokuwa, na uangalie kama wanajibu kwa kueleza au kwa kukuondolea wasiwasi.

English Point: gati linaloelea mkabala wa Mji wa Kale

Marina ya English Point iko upande wa Nyali, karibu na mdomo wa hori la Tudor, ikitazamana na Fort Jesus na Mji wa Kale. Kati ya mahali ninapopalinganisha, hapa ndipo panapofanana zaidi na kile ambacho mtu hukiwazia akisikia neno marina, yaani magati yanayoelea, nafasi za kufunga chombo kimoja kimoja, na jengo la makazi na hoteli nyuma yake.

Faida yake kubwa kwa mwenye chombo kipya ni kwamba unaingia kwa miguu. Usichukulie hilo kuwa jambo dogo. Chombo kilicho umbali wa hatua chache kutoka gari hutembelewa. Unaweza kupita jioni ukitoka kazini, ukafungua kifuniko, ukatazama ngama, ukawasha mashine kwa dakika kumi na kuondoka. Unaweza kumpandisha mama mzee au mtoto mdogo bila kumhamisha kutoka kidau hadi chomboni huku vyote viwili vikiyumba. Fundi naye huja na vifaa vyake vyote bila kisingizio. Katika mwaka wa kwanza, ambapo kila chombo hudhihirisha maradhi ambayo muuzaji hakuyataja, urahisi huo hupunguza gharama nyingine ambazo huzioni kwenye karatasi ya kodi.

Yapo mambo matatu ya kuzingatia. La kwanza ni mkondo. Maji yote yanayojaza na kuondoka hori la Tudor hupita mlangoni hapo, na wakati wa bamvua mkondo hukaza kiasi cha kumtoa nahodha mgeni kwenye mstari wake anapogeuza kuingia nafasi yake. Jifunze kuingia wakati maji yamesimama, yaani katika kile kipindi kifupi kati ya kujaa na kupwa, hadi mkono uzoee. La pili ni kutu ya umeme: vyombo vilivyounganishwa na umeme wa nchi kavu katika gati moja vinaweza kulana vyuma chini ya maji kupitia waya wa ardhi, kwa hiyo vipande vya zinki vilivyofungwa kwenye mashine na rafadha (pangaboi la kusukuma chombo) vikaguliwe mara kwa mara na kubadilishwa vikishaliwa nusu. La tatu ni la nchi kavu. Mkazi wa kisiwani lazima avuke daraja la Nyali, na anayejua foleni ya daraja hilo jioni anajua kwamba safari fupi kwenye ramani inaweza kumalizia mwanga wote wa siku.

Mwenye tanga asome jambo moja zaidi. Daraja la Nyali, lililofunguliwa 1980, halifunguki kama lile la kuelea lililokuwepo kabla yake. Marina iko upande wa bahari wa daraja, hivyo mlingoti haukatazwi kuifikia, lakini anayefikiria kuingia ndani zaidi katika hori la Tudor kutafuta mahali rahisi apime urefu wa mlingoti wake kuanzia usawa wa maji, tena maji yakiwa yamejaa, kabla ya kuzungumza na mtu yeyote.

Kilindini: boya, klabu na meli kubwa

Kilindini ni mahali penye kina, na jina lenyewe linasema hivyo. Upande wa kisiwa, eneo la Liwatoni, ndipo ilipo Mombasa Yacht Club. Hapa vyombo hufungwa kwenye maboya na kufikiwa kwa kidau, na njia ya kuingia ni uanachama, kwa hiyo mtu asitarajie kulipa leo na kufunga kesho.

Ninaposema klabu simaanishi ukumbi wa vinywaji. Kwa mgeni wa bahari, klabu ya watu wanaosafiri kwa tanga ni shule, kwa kuwa utapata mtu wa kukuonyesha jinsi ya kufunga kamba kwenye boya bila kuikata kwa msuguano, mtu wa kukuambia mkondo wa Likoni unavyogeuka, na mtu atakayekupigia simu akiona boti yako imekaa chini kuliko jana. Hilo la mwisho ndilo jibu la swali langu la mwanzo. Jirani anayelala kwenye boya la pili na anayekijua chombo chako ana thamani kuliko mlinzi wa zamu ambaye hubadilishwa kila mwezi.

Udhaifu wa Kilindini ni kwamba ni bandari kuu ya Kenya. Meli za makontena na za mafuta hupita humo mchana na usiku, na feri za Likoni hukatiza mlangoni muda wote. Sheria ya kimataifa ya kuzuia migongano baharini inasema kwamba chombo chenye urefu wa chini ya mita 20, pamoja na chombo cha tanga, hakitakiwi kuizuia meli ambayo haiwezi kupita salama isipokuwa ndani ya mkondo mwembamba. Wengi wa wenye tanga hushikilia kwamba tanga hupewa njia siku zote, na hapa imani hiyo ni ya hatari. Redio ya baharini iwe wazi kwenye chaneli 16, na mashine iwe tayari hata kama upepo ni mzuri. Boti ndogo ya wazi yenye mashine moja, isiyo na redio, na nahodha wake akiwa katika mwezi wake wa kwanza, sioni sababu ya kuilaza Kilindini.

Kwa wakazi wa Likoni na pwani ya kusini, hesabu hubadilika kidogo, kwa kuwa wanaweza kuvuka kwa feri kwa miguu na kukwepa foleni ya magari. Kwao Kilindini iko karibu kuliko Nyali, na ukaribu huo una uzito wake.

Mtwapa: utulivu wa hori na swali la mnyororo

Hori la Mtwapa linaanza kaskazini mwa Shanzu, mpakani mwa kaunti ya Mombasa na ya Kilifi, na magofu ya Jumba la Mtwana yako karibu na mdomo wake. Ni mwendo wa takriban maili 8 za bahari kutoka mlango wa Mombasa. Ndani yake maji hutulia hata kusi ikiwa imechachamaa nje ya mwamba, na kwa miaka mingi limekuwa makao ya boti za kuvua samaki wakubwa, jambo ambalo limewaleta mafundi wa mashine, wauza vyambo na mabaharia wanaojua kazi. Hifadhi ya Bahari ya Mombasa, iliyotangazwa 1986 na kusimamiwa na Shirika la Huduma kwa Wanyamapori, imeenea mbele ya pwani iliyo kati ya hori la Tudor na hili la Mtwapa, kwa hiyo anayetaka kupeleka wageni kutazama matumbawe atakuwa karibu akitokea upande wowote kati ya hizo mbili, ilmradi alipe ada na asitupe mshipi ndani ya eneo lililokatazwa kuvuliwa.

Mlango wa kutokea ndio mtihani. Kuna njia nyembamba katikati ya mwamba, na kusi ikikutana na maji yanayotoka, mawimbi husimama wima na kuvunjika. Sheria ya wenyeji ni kuingia mchana, maji yakiwa yanajaa, na jua likiwa juu au nyuma yako ili uone rangi ya maji. Mgeni asiiingie njia hiyo usiku kwa kutegemea ramani ya simu.

Lakini jambo linalonifanya niandike kuhusu Mtwapa, na kuhusu hori lolote ambalo maboya yake ni ya watu binafsi, kwa urefu zaidi kuliko mahali pengine ni kile kilicho chini ya boya. Mwaka wangu wa kwanza nililaza mashua yangu kwenye boya la kukodi katika hori mojawapo la kaskazini. Bei ilikuwa nafuu, mwenyewe alikuwa mwungwana, na boya lilikuwa jipya na jekundu. Asubuhi moja ya Julai nilipigiwa simu na mvuvi wa mishipi, mtu ambaye sikumjua, kwamba mashua yangu iko kwenye mikoko. Mnyororo ulikuwa umelika mahali pale unapogusa na kuacha chini kila maji yanapokupwa, hadi pete moja ikabaki nyembamba kama kidole cha mtoto. Mashua ilipona, isipokuwa rafadha na ubavu mmoja. Niliyejifunza kwake ni mvuvi yule, ambaye alikataa fedha na badala yake akanipeleka kwa ngalawa yake kuniangalizia maboya mengine matatu.

Kwa hiyo, kabla ya kulipia boya, uliza mambo haya na udai majibu ya vipimo. Nanga yake ni nini? Mara nyingi ni tofali la saruji, na watu husema kwa fahari kwamba lina uzito wa tani moja. Ukweli ni kwamba saruji ikizamishwa katika maji ya chumvi hupoteza zaidi ya mbili ya tano ya uzito wake, kwa kuwa maji huibeba, hivyo tofali la kilo 1,000 huwa na nguvu ya takriban kilo 570 tu huko chini, isipokuwa kama limezama ndani ya tope. Mnyororo una unene gani, na ulikaguliwa lini na mpiga mbizi? Kuna kizungushio kinachouzuia mnyororo kujisokota chombo kinapogeuka na mkondo? Na nani ana ruhusa ya kukihamisha chombo changu bila kunipigia simu?

Uliza pia nafasi ya kuzungukia. Chukua mahali penye kina cha mita 3 maji yakiwa yamepwa. Wakati wa bamvua hapohapo patakuwa na mita 7. Ukitupa nanga yako mwenyewe na kuachia mnyororo wa mara tatu ya kina cha maji makuu, ni mita 21, na chombo cha mita 8 mwisho wake kitazunguka duara lenye upana wa karibu mita 58 kutoka upande mmoja hadi mwingine. Hori jembamba halina duara kama hilo kwa kila mtu. Maboya ya kudumu hutumia mnyororo mfupi na mzito ili kupunguza mzunguko, na hapo ndipo ubora wa mnyororo huo unapobeba kila kitu.

Nikisema hivi simaanishi kwamba Mtwapa ni pabaya. Mashua yangu iko huko hadi leo, kwenye boya ambalo mnyororo wake niliununua mwenyewe na ambalo mpiga mbizi hulikagua kila kusi inapokaribia.

Kilifi: kwa chombo cha safari

Kilifi iko takriban kilomita 60 kwa barabara kutoka Mombasa, na chini kidogo ya maili 30 kwa bahari. Hori lake ni pana na lenye kina, na wasafiri wa tanga kutoka nchi za mbali hulipenda kama mahali pa kutia nanga wakingoja msimu. Kuna karakana ya mashua, Kilifi Boatyard, ambako vyombo hupandishwa nchi kavu kwa matengenezo.

Kwa mwenye tanga la futi 35 au 40, anayepanga kusafiri kwa majuma na si kwa saa, hapa ndipo ningependekeza kwanza. Kwa mkazi wa Mombasa anayetaka kwenda kuvua Jumamosi na kurudi msikitini au kanisani kesho yake, ni mbali mno. Chombo kitakaa majuma matano bila kutazamwa, ngama itakusanya maji ya mvua, betri itakufa pamoja na pampu yake, na hapo habari zitakufikia kwa simu.

Kumbuka pia mkondo mkuu wa pwani yetu, ambao huelekea kaskazini na hukaza sana wakati wa kusi. Kwenda Kilifi Julai ni kubebwa. Kurudi Mombasa mwezi huohuo ni kupigana na upepo na mkondo pamoja, na mafuta uliyoyapigia hesabu kwa safari ya kwenda hayatatosha safari ya kurudi.

Nchi kavu: njia inayodharauliwa

Boti ya faiba isiyozidi futi 22 au 23 haina haja ya kulala majini. Inaweza kukaa juu ya trela uani kwako au katika ua unaolindwa, na kushushwa siku ya safari. Chini yake hakuoti mwani wala wale viumbe wenye maganda magumu wanaoganda kama saruji, ambao katika bahari yetu yenye joto hupunguza mwendo wa chombo ndani ya majuma machache ikiwa hakikupakwa rangi ya kuwazuia. Wazee wetu walilitambua tatizo hili zamani; walivipandisha vyombo vya mbao ufukweni kwa maji ya bamvua, wakavichoma chini kwa moto wa makuti kuua wadudu wanaotoboa mbao, kisha wakavipaka deheni ya chokaa na mafuta. Kwa trela, kazi hiyo yote huondoka.

Gharama huhamia kwingine. Beringi za trela zilizotumbukizwa katika maji ya chumvi huharibika upesi usipoziosha na kuzipaka grisi kila mara. Mteremko wa kushushia boti huwa na saa zake, kwani maji yakipwa sana mwisho wake hubaki juu ya mchanga na gari hukwama. Na gari lenyewe liwe la kuvuta uzito huo, si la kuomba kwa jirani. Hata hivyo, kwa anayetoka mara mbili kwa mwezi, sijaona njia yenye usumbufu mdogo kuliko hii, na ninashangaa jinsi wachache wanavyoifikiria.

Bei na karatasi

Kodi ya gati na ya boya kwa kawaida huhesabiwa kwa urefu wa chombo, kwa hiyo uliza kama urefu huo unajumuisha mashine zilizo nyuma na mti uliojitokeza omo, yaani mbele ya chombo. Boti inayoitwa ya futi 26 inaweza kupimwa futi 29. Uliza kama maji, umeme na usafiri wa kidau vimo ndani ya kodi. Linganisha jumla ya mwaka, ukiongeza nauli au mafuta ya gari, mshahara wa baharia wa kuangalia, rangi ya chini na bima, si kodi ya mwezi peke yake. Mara nyingi nikifanya hesabu hiyo, tofauti kati ya gati la Nyali na boya la Mtwapa hupungua kuliko ilivyoonekana, ingawa haifutiki.

Mamlaka ya Usafiri wa Majini ya Kenya ndiyo inayokagua na kutoa leseni kwa vyombo vidogo, na wenye gati makini wataomba kuona leseni hiyo pamoja na bima kabla ya kukupa nafasi. Asiyeomba chochote haombi wala kwa jirani yako, na chombo kisicho na bima kikikatika nanga usiku, kitakugonga wewe.

Nani aende wapi

Mwenye tanga kubwa na muda mrefu aende Kilifi, au Kilindini ikiwa anaishi kisiwani na yuko tayari kuingia klabu na kujifunza. Mwenye mashua ya mbao anayepeleka wageni kila siku atafute gati ambalo wageni wanalifikia kwa miguu, hata akilipa zaidi, kwa sababu yeye mwenyewe au baharia wake atakuwepo chomboni kila asubuhi na hasara ya kutoonekana haimhusu sana. Mwenye boti ndogo na gari zuri abaki nchi kavu. Aliyebaki katikati, mwenye boti ya faiba ya futi 24 hadi 30, mashine mbili na kazi ya wiki nzima mjini, ndiye mwenye uamuzi mgumu, na shemeji yangu ni mmoja wao.

Nimemshauri achukue nafasi ya gati linaloelea upande wa Nyali kwa miezi sita, kuanzia Aprili. Ni ghali kuliko alivyokusudia. Lakini hiyo ndiyo miezi ya kusi, ndiyo miezi ambayo hajaijua boti yake, na kwake Kongowea si mbali na hapo. Kaskazi ikianza, kama atakuwa amejifunza kusoma maji, atahamia Mtwapa kwenye boya lililo karibu na langu. Mpiga mbizi ameshapangiwa siku ya kulishukia, na nimemwomba apandishe juu ile sehemu ya mnyororo inayogusa chini, ili shemeji aishike kwa mkono wake kabla ya kulipa.